Tunamtibu masikio kila mara lakini mbwa bado anajikuna usiku kucha

Daktari hujambo na kazi. Nakuandikia kutoka Kisauni, tuna watoto wawili na mbwa dume mmoja anaitwa Bosko, ana miaka mitatu hivi, mamake alikuwa German Shepherd na babake mbwa wa kawaida tu wa hapa mtaani. Tulimpata mdogo na mpaka alipofika mwaka mmoja na kitu alikuwa hana shida yoyote, manyoya mazuri, analinda boma, anacheza na watoto. Alafu ndo kukaanza huku kujikuna.

Yaani Daktari, anajikuna asubuhi, anajikuna mchana, na usiku ndo balaa manake analala kwenye baraza nyuma ya jikoni na mguu ukianza kugonga ule mlango gu gu gu nyumba nzima tunaamka. Vidole vya miguu ya mbele anavilamba na kuvitafuna mpaka manyoya yake meupe yamekuwa rangi ya kutu. Kwapani na tumboni manyoya yameisha, ngozi imekuwa nyeusi na nene. Na masikio sasa, hayo ndo yananimaliza, yanatoa uchafu wa kahawia unaonuka mpaka ukikaa karibu naye unausikia, anatikisa kichwa kutwa, na juzi mwanangu wa gredi ya tano alimshika sikio akacheza naye vile amezoea, Bosko akamngurumia na kumuonyesha meno. Hajawahi kufanya hivyo tangu azaliwe.

Si kwamba tumekaa tu. Nimenunua dawa za matone kwenye duka la dawa za mifugo, nikitia sikio linapona, baada ya muda kidogo linaanza lile lengine. Kuna mtu pia huja nyumbani kumdunga sindano, sijui ni ya nini hajawahi kuniambia, lakini akidungwa leo kesho hajikuni kabisa, anakunywa maji sana siku hizo na kukojoa kila mahali lakini analala, na mimi nalala. Wiki kadhaa zikipita yanarudi yale yale na naona kama yanazidi.

Chakula chake ni ugali na mapafu ya ng'ombe ya pale buchari, na mabaki ya wali na mchuzi, na asubuhi watoto humpa mkate na chai ya maziwa. Samaki hatumpi, mume wangu anaogopa miiba. Viroboto simuoni navyo manake namuosha kila Jumamosi na sabuni ya unga ya kufulia. Jumapili watoto wanaenda naye beach pale Pirates, anaogelea sana, anapenda maji.

Sasa ushauri ninaopewa ni mwingi mpaka kichwa kinaniuma. Mmoja ananiambia nimpake oili chafu ya gari, mwengine nichanganye ile dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe nimmwagie, mama mkwe anasema nichemshe mwarobaini nimtilie hata masikioni. Jirani yetu tunayepakana naye ukuta, mama mzuri sana na ni Muislamu, amelalamika kwa upole kuwa mbwa akitikisa kichwa karibu na kamba ya nguo yale majimaji yanaruka, na ananiuliza pia kama ule ugonjwa utawashika watoto wake. Na mume wangu amesema mwisho wa mwezi kama bado hali ni hii anamtia kwenye gari anavuka naye ng'ambo akamwache huko. Watoto wamesikia, mkubwa analia kila siku.

Daktari hii ni aleji ama ni upele? Itaambukiza watu? Nianzie wapi, na ujue mfuko wenyewe si mkubwa.

Mama wa wawili, Kisauni

*

Dada yangu, pole sana, na mpe pole huyo kijana wako mkubwa. Nikuambie tangu mwanzo kwamba siwezi kumtibu Bosko kwa barua, lazima ashikwe, atazamwe, masikio yachunguzwe, lakini ulivyonieleza umenieleza vizuri kuliko wateja wengi wanaonijia na mbwa mwenyewe mkononi, na kwa maelezo hayo nakuambia fikra yangu kubwa ni aleji. Kwa nini nasema hivyo? Ameanza akiwa na mwaka na kitu, na aleji ya ngozi kwa mbwa mara nyingi hujitokeza kati ya miezi 6 na miaka 3. Mahali panapomwasha ni vidole, kwapa, tumbo na masikio, hapo ndo penyewe. Ngozi imekuwa nyeusi na nene, ile ni ngozi iliyokunwa na kuchomwa na fangasi muda mrefu. Na sindano inamtuliza mara moja alafu hali inarudi.

Kitu ninachotaka ukishike kuliko vyote ni hiki, Bosko hana ugonjwa wa masikio na ugonjwa mwengine wa ngozi, ana ugonjwa mmoja. Ile ngozi ya tumboni ndo hiyo hiyo inaingia mpaka ndani ya sikio, ikivimba kwa aleji joto linazidi na unyevu unazidi humo ndani, na wale fangasi na bakteria ambao kila mbwa anao kidogo kidogo wanapata pa kuzaliana. Ndo maana ukitibu sikio la kulia linakuja la kushoto. Dawa ya matone inaua waliomo, haigusi kilichowaalika. Kwa hivyo mama, usijilaumu wala usiseme dawa ni feki, dawa ilifanya kazi yake na kazi yake iliishia hapo.

Kabla sijaendelea, yale matatu uliyoshauriwa. Oili chafu ya gari hapana, hapana kabisa, ina sumu inayoingia kupitia ngozi yenye vidonda na nyengine anailamba, nimeona mbwa wakiletwa wamechomeka ngozi mpaka nyama inaonekana. Dawa ya kuogeshea ng'ombe hapana pia, nyingi ya hizo ni amitrazi ama sumu kali zaidi, imepimwa kwa ng'ombe, ukikosea kuchanganya kidogo tu mbwa analegea, mapigo ya moyo yanashuka, anaweza kufa. Mwarobaini wa mama mkwe simkatalii kama anataka kumwagia maji yake mgongoni yakiwa yamepoa, lakini ndani ya sikio usitie, wala siki, wala spiriti, wala mafuta ya nazi. Sikio la mbwa si tundu fupi kama letu, linashuka chini kwanza alafu linakunja kona kuingia ndani kama herufi L, unachomimina kinakaa pale chini kwenye kona hakitoki, na kama ngoma ya sikio imetoboka kinaingia kwenye sikio la kati na hapo mbwa anaweza kupoteza kusikia au kuanza kuyumba. Hata baadhi ya matone halali ya dukani, zile zenye jentamisini kwa mfano, hazifai kutiwa kama ngoma imetoboka, ndo maana nakuuliza, hao waliokuuzia kuna yeyote aliyewahi kumulika ndani ya hilo sikio? Na dawa za watu za maumivu, paracetamol, ibuprofen, diclofenac, usimpe hata moja ukiona analia sikio, zinaua mbwa hizo.

Sasa masikio, manake ndo yanayomuuma leo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, una haki ya kumuuliza usajili wake na hatakasirika kama anao, na umuombe vitu viwili kwa jina. Amulike ndani aone ngoma, na achukue uchafu kwa kijiti apake kwenye kioo atazame kwa darubini. Kipimo hicho ni cha dakika chache na si ghali ukilinganisha na chupa ulizonunua. Uchafu wa kahawia wenye harufu kali ya kuchacha mara nyingi ni fangasi wanaoitwa Malassezia, wa njano au kijani ni bakteria, ule mweusi mkavu wa chengachenga mara nyingi ni wadudu wa sikio na huonekana zaidi kwa watoto wa mbwa, lakini hayo ni ya kukisia kwa macho, na pwani hapa nimewahi kuvuta kupe aliyejaa damu ndani ya sikio lililotibiwa fangasi muda mrefu. Darubini inasema ukweli. Ukipewa dawa tia mpaka mwisho wa siku ulizoambiwa, kawaida ni wiki 2 mpaka 4, usiache siku ya tano kwa kuwa harufu imeisha, alafu mrudishe atazamwe tena kwa darubini hata kama anaonekana mzima, hapo ndo wengi wetu tunaharibu na ugonjwa unajificha kule kwenye kona.

Kusafisha utafundishwa lakini nikupe picha yake. Dawa maalum ya kusafishia masikio ya mbwa, chupa uishike mkononi ipate joto kidogo, mimina mpaka tundu lijae, funika na kiganja, alafu kanda pale chini ya sikio kwa nje mpaka usikie maji yanasema chwa chwa, muachie atikise kichwa, alafu pangusa na pamba pale tu kidole chako kinapofika. Vile vijiti vya pamba tupa mbali, vinasukuma uchafu ndani. Fanya kwanza kwa ratiba ya daktari, baadaye mara moja kwa wiki inatosha. Na fanyieni hayo nje nyuma ya nyumba mbali na kamba za nguo, manake akitikisa kila kitu kinaruka.

Baharini, samahani kwa watoto, asiende kwa sasa. Chumvi na mchanga kwenye ngozi iliyochubuka vinamwasha zaidi na maji yanayobaki ndani ya sikio kwa hili joto letu ni karamu ya fangasi. Akipona anaweza kurudi, lakini kila akitoka majini aoshwe na maji yasiyo na chumvi na masikio yasafishwe siku hiyo hiyo. Wewe wajua maji ya visima vya Kisauni mengi yana chumvi, basi hata mkimuogesha nyumbani ndoo ya mwisho iwe ya maji mazuri.

Sasa viroboto, na hapa nisikilize vizuri manake ndo penye nafuu ya haraka na ya bei ndogo. Umeniambia humuoni navyo. Dada yangu, mbwa mwenye aleji anajitafuna na kujilamba mpaka anawameza, na wewe unamuosha kila wiki, huwezi kuwaona, na kinachomwasha ni mate ya kiroboto kwa hivyo wachache tu wanatosha. Chukua chanuo lenye meno madogo, mchane mgongo karibu na mkia, zile chembe nyeusi zinazotoka ziweke kwenye tishu nyeupe uliyoilowesha, zikiyeyuka rangi nyekundu ya kutu hiyo ni damu iliyomeng'enywa, ni mavi ya viroboto, na huna haja ya kumuona kiroboto mwenyewe. Na kiroboto anayeshika mbwa zetu wengi ni yule yule wa paka, na Mombasa hii paka wa mtaa hawakosi, wanalala kwenye kivuli cha baraza lako na kuacha mayai. Kiroboto jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 hivi kwa siku, yanadondoka kwenye mchanga, kwenye nyufa za sakafu, kwenye gunia analolalia, na huku kwetu hakuna baridi ya kuwaua, mwaka mzima ni msimu wao. Wale unaowaona kwenye mbwa ni kama asilimia 5 tu, waliobaki wako nyumbani kwako kama mayai, vibuu na vile vifuko ambamo viroboto wapya wanakomaa.

Kwa hivyo kumuosha na sabuni hakutoshi. Muulize daktari kuhusu vidonge vya kutafuna, kuna afoksolana (NexGard) cha kila mwezi na kuna fluralana (Bravecto) cha wiki 12. Navipenda kwa mbwa wako kwa sababu mbili, havioshwi na maji wala shampuu vile dawa za kudondoshea mgongoni zinavyooshwa, na vinaua pia wale wadudu wa upele, kwa hivyo hata kama mimi nimekosea na huu ni upele, kidonge hicho hicho kitakuwa kimeutibu. Nunua kulingana na kilo zake, mpime kwanza. Kama aliwahi kuanguka kifafa mwambie daktari kabla, manake mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba jamii hii ya dawa inaweza kuleta degedege kwa baadhi ya mbwa. Na ukiamua kutumia dawa za mgongoni, zile zenye permethrini, ziwe mbali kabisa na paka, zinaua paka. Huku unamtibu mbwa, hilo gunia lake choma au tupa, mpe kitambaa kinachofulika, ufue kwa maji ya moto kila wiki na uanike juani, fagia baraza na zile kona zenye kivuli, na mchanga wa chini ya kivuli uondoe wa juu. Usikate tamaa wiki za mwanzo ukiona bado wapo, vile vifuko vinaendelea kuanguliwa kwa muda, ni lazima dawa iendelee miezi mitatu bila kuruka.

Sabuni ya unga iache leo. Ni ya nguo, inaondoa mafuta ya ngozi na kuiacha wazi. Tafuta shampuu yenye kloreksidini, na kama darubini imeonyesha fangasi iwe pamoja na mikonazoli. Maji yawe ya baridi baridi, ya moto yanaongeza mwasho, paka povu kwapani, tumboni na katikati ya vidole, alafu subiri dakika 10 kabla ya kusuuza, dakika 10 kweli, waache watoto wamshike na kumuimbia, manake dawa bila muda haifanyi kitu. Mara mbili kwa wiki mwanzoni, baadaye mara moja. Mkaushe vizuri hasa vidole.

Ukishamaliza viroboto na masikio na bado anajikuna, hapo ndo tunaingia kwenye chakula. Vyakula vinavyoongoza kwa aleji ya mbwa ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano, na wewe umenitajia vitatu kwa siku moja, mapafu ya ng'ombe, chai ya maziwa na mkate. Sisemi ndo yenyewe, mbwa wengi wenye aleji tatizo lao si chakula, lakini njia ya kujua ni moja, ni kumpa wiki 8 kamili chakula ambacho hajawahi kula maishani. Na hapo mumeo amekusaidia bila kujua, huko kuogopa miiba kumemfanya Bosko asijue samaki. Basi mchemshie samaki, wale wa bei nafuu watakaokuwepo, umtoe miiba yote kwa mkono, umchanganye na viazi vitamu vilivyochemshwa, hakuna chumvi, hakuna nazi, hakuna vitunguu. Vitunguu kwanza acha kabisa hata baadaye, vinaharibu damu ya mbwa, kwa hivyo yale mabaki ya mchuzi yaishe. Kama siku moja mlimpa kichwa cha samaki mkasahau, basi chagua sungura.

Ugumu si kupika, ugumu ni watoto na mkate. Kipande kimoja cha mkate uliochovywa chai kinatosha kuharibu jaribio zima na mnaanza upya, kwa hivyo waite uwaambie wao ndo wasimamizi, wapewe kazi ya kuangalia hata mgeni asimrushie kitu. Kumbuka na vidonge vingi vya kutafuna vimetiwa ladha ya nyama, mpe cha viroboto siku chache kabla ya kuanza, na hapo kile cha wiki 12 ndo kinafaa. Wiki 8 zikiisha na amepungua kujikuna, mrudishie chakula cha zamani, ndiyo, mrudishie makusudi, akianza kujikuna tena ndani ya wiki 2 umepata jibu na utajua nini cha kuacha maisha yote. Asipobadilika katika hizo wiki 8, chakula si tatizo, mrudishie mapafu yake na ugali pesa zikae mfukoni.

Kikibaki hicho cha mwisho, basi ni aleji ya vitu vya hewani na ndani ya nyumba, vumbi, ukungu, chavua, na wale wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho ambao wanapenda unyevu kama huu wetu wa pwani. Hiyo haina dawa ya kuimaliza, nakuambia wazi ujipange, ina dawa za kuituliza na mbwa anaishi vizuri mpaka uzee. Ile sindano anayodungwa, kwa vile anakunywa maji na kukojoa hivyo, nashuku ni steroidi ya muda mrefu, yaani dawa ya kuzima uvimbe na mwasho. Steroidi si adui, zinasaidia sana, na predinisoloni ya vidonge ni ya bei nafuu, lakini inatolewa kwa kipimo kidogo kinachopunguzwa polepole na daktari anayemfuatilia, si sindano ya kila mwasho ukirudi, manake ikirundikana inaleta kisukari, ngozi nyepesi na maambukizi yasiyoisha, pamoja na hayo ya masikio. Mwambie huyo ndugu anayekuja akuandikie jina la dawa, kipimo na tarehe, umpelekee daktari, na asimdunge tena kabla ya hapo. Kuna dawa mpya zaidi pia, vidonge vya oklasitinibu (Apoquel) ambavyo Marekani iliviidhinisha 2013, na sindano ya lokivetimabu (Cytopoint) inayokaa wiki 4 mpaka 8, hazina yale madhara ya steroidi lakini bei yake iko juu, ziulizie ukiwa umeshapita hatua za mwanzo. Cetirizine na Piriton watu huzitaja sana, kwa mbwa zinasaidia kidogo tu, na zile za mafua zilizochanganywa na dawa ya kufungua pua ni hatari kwake.

Kwa mfuko mdogo basi, pesa ya kwanza iende kwa kipimo cha sikio na dawa yake, ya pili kwa kidonge cha viroboto, ya tatu kwa shampuu. Kaa na mumeo umuonyeshe haya, na umwambie ukweli kwamba mwisho wa mwezi ni mapema mno kwa kazi nzima lakini si mapema kwa nafuu. Masikio yakitibiwa sawasawa maumivu na harufu vinapungua ndani ya wiki mbili za mwanzo, mtaanza kulala. Viroboto wapeni miezi mitatu, chakula miwili. Muombe muda huo. Na kumwacha mbwa ng'ambo si kumpa nafasi, mbwa mgonjwa asiyejua mtaa anapigwa mawe, anagongwa, na asipochanjwa tena kichaa cha mbwa anakuwa hatari kwa watoto wa wenzenu huko. Chanjo yake ya kila mwaka iko sawa? Kama hapana mwambie daktari siku hiyo hiyo, na umtajie ile sindano ya steroidi manake inabidi apange lini amchanje.

Jirani yako ana haki na ameongea vizuri, mjibu vizuri. Kwake nguo ikiguswa na mate ya mbwa ni mara saba kuiosha, moja kwa mchanga, si jambo dogo kwa mama mwenye watoto, basi zungumzeni mhamishe kamba au mtie uzio kidogo hapo ukutani. Kuhusu ugonjwa mwambie aleji haiambukizi mtu wala mbwa mwengine. Kinachoambukiza ni ule upele wa wadudu, ambao kwa mbwa hupenda kuanzia kwenye ncha za masikio na viwiko na watu wa nyumbani wanatoka vipele vya kuwasha mikononi na tumboni, ndo maana daktari akwangue ngozi kidogo atazame, usikisie. Mpaka hapo hakuna kulala na mbwa wala kumkumbatia, na mtoto asimguse Bosko kichwani mpaka masikio yapone, manake hakumngurumia kwa ubaya, alishikwa pale panapomuuma, na mbwa anayeumwa sikio anaweza kung'ata hata anayempenda. Ukiona yeyote ana vipele hivyo nyumbani kwako au kwa jirani, aende zahanati na amwambie muhudumu kwamba kuna mbwa anayejikuna, atajua cha kutazama.